Kijiko Cheusi cha Badru

Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zetu Waislamu mliokaa kule upande wa geti, asalaam aleikum. Mie ni Benedicta, mdogo wake marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, nimefundisha shule za msingi za Temeke mpaka nilipostaafu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu kabla hatujaenda kanisani na kisha makaburini Kondo. Nitasoma polepole, sijalala vizuri tangu Jumapili na macho yenyewe yamevimba, kwa hiyo nikikwama mnivumilie.

Kabla sijaanza, niseme jambo moja ili mtu asije akashangaa katikati ya safari. Jana jioni wazee wa ukoo waliipitia historia hii kama ilivyo desturi, na baba yetu mdogo, Mzee Adelard, aliyesafiri kutoka Mbamba Bay na miguu yake inayomuuma, alikata kwa kalamu aya nzima inayomhusu bwana Badru, aliyekuwa rafiki wa marehemu, akasema msibani hatusomi ugomvi. Baba mdogo, shikamoo, neno lako tunaliheshimu, ila mie ndiye niliyemuuguza, na marehemu aliniachia kitu nimkabidhi Badru kabla jeneza halijafungwa, kitu chenyewe kiko hapa mfukoni mwa gauni langu, na siwezi kumkabidhi mtu kitu mbele za watu bila kusema ni cha nini. Badru hajakanyaga ndani ya geti hili kwa miaka mitano. Tulimtuma Fredrick, mtoto mkubwa wa marehemu, akampe taarifa ya msiba, akajibu kuwa amesikia, basi, na mpaka naanza kusoma sijui kama atatokea. Kwa hiyo aya ile nitaisoma, nimechoka mno kubeba maneno ya mtu mwingine.

Marehemu Albano Ferdinand Haule alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Mbamba Bay, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ferdinand Haule na Mama Kristina, ambao wote wametangulia mbele za haki. Baba yetu alikuwa mvuvi wa mbasa, na juu ya ndoana zake alifunga vipande vya bati vilivyong'arishwa, kwa sababu maji ya ziwa letu ni maangavu, ukiinama kwenye mtumbwi unaliona jiwe lililoko chini, na samaki wa kule akiona kinachong'aa anakifuata. Kazi ya Albano tangu utoto ilikuwa kuyasugua yale mabati kwa majivu na limau, kila asubuhi kabla ya shule, na baba alikuwa anakigeuza kipande juani, akikuta doa anamrudishia. Alisugua mpaka ikawa tabia, na tabia hiyo ndiyo iliyokuja kutuletea haya nitakayoyasema mbele.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mbamba Bay kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, darasani hakuwa mwanga, nasema ukweli kwa kuwa mie mwenyewe ni mwalimu, lakini mikono yake ilikuwa na akili, na mwaka 1977 mapadre walimpeleka chuo cha ufundi cha misheni karibu na Songea, akajifunza kazi ya bati na vyuma, akamaliza Desemba 1979.

Januari 1980 alifika Dar es Salaam na kuajiriwa katika karakana moja ya Chang'ombe iliyokuwa ikitengeneza bodi za mabasi, akapanga chumba Temeke, na katika karakana hiyo alifanya kazi mpaka ilipofungwa mwaka 2006. Wenzake wa wakati ule wapo hapa leo, nawaona wamekaa pamoja kama walivyokuwa wakikaa kula mchana, nao watakubaliana nami kwamba Albano hakuwahi kupita mbele ya chuma chenye kutu akakiacha, alisugua hadi vile ambavyo vingepakwa rangi kesho yake, na msimamizi alimgombeza mara nyingi kwa kupoteza muda wa kampuni. Alikuwa anaitikia, halafu anaendelea kusugua.

Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa takatifu na Margareta, fundi cherehani, katika parokia ya Chang'ombe, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Fredrick aliyezaliwa mwaka 1990 na Yuliana aliyezaliwa mwaka 1994, ambao nao wamewaletea wajukuu wanne. Wifi yangu Margareta ameniruhusu niseme kwamba siku ya harusi walizawadiwa vijiko vingi kupita vitu vyote, na ndani ya muda mfupi vile vijiko vikaanza kupungua, kila akihesabu baada ya kuosha vyombo kimekosekana kimoja, akamtuhumu dada wa kazi wa watu, akamtuhumu jirani, kumbe mume wake anavikata mipini, anavitoboa tundu kila upande, anavifunga ndoana. Watoto wa nyumba hii wamekula wali kwa mkono mpaka wamekua. Na hata vijiko mlivyolia chakula toka jana, jamani, vina alama ya rangi kwenye mpini kwa kuwa ni vya majirani, naomba virudi.

Mwaka 1997 familia ilihamia hapa Kunduchi Mtongani, na ni hapa alipokutana na Badru, mzaliwa wa Kunduchi, mvuvi mtoto wa mvuvi, ambaye siku ya kwanza alimkuta Albano amesimama ufukweni akirusha kijiko cha chai majini, akamcheka mpaka akakaa chini. Wakawa marafiki kuanzia hapo. Kwanza walikwenda wote mwisho wa wiki, na karakana ilipofungwa wakachanga wakanunua boti ndogo ya fiba, wakawa wanatoka karibu kila usiku katika msimu wa kolekole, na pale mnadani wanawake wanaouza samaki waliwaita mume na mke, jina ambalo Margareta hakulipenda hata siku moja.

Nieleze kidogo kuhusu vijiko hivyo, maana wengine mmetoka bara na mnadhani samaki anavuliwa kwa kipande cha pweza peke yake. Wao walivuta uzi mrefu nyuma ya boti huku boti inakwenda taratibu, na mwisho wa uzi pana kijiko kinachopepesuka majini kama kisamaki kilichojeruhiwa, na kazi yote iko kwenye kuchagua ni kijiko kipi kwa usiku upi. Albano alikuwa na bati la biskuti lililojaa, kila jioni analifungua hapo barazani, analowesha kidole kwa mate anausikia upepo, anatuma mtu akamchotee maji ya bahari kwenye glasi aone yana tope kiasi gani, anauliza mwezi utatoka saa ngapi, ndipo anachagua. Mwezi ukiwa mkubwa alichukua kijiko chembamba cha chai. Mvua za vuli zikishachafua maji alichukua kile kipana cha kupakulia, akakifunga kitambaa chekundu mkiani. Yote haya yeye na Badru walikubaliana, tena walikuwa wanaweza kukaa wakabishana juu ya kitambaa mpaka chai ikapoa, na sie tunapita tu.

Jambo moja hawakukubaliana, nalo ni usiku wa giza totoro. Albano alishika aliyofundishwa na baba, kwamba giza linataka kinachong'aa zaidi, mpe samaki taa. Badru yeye alisema samaki wa usiku yuko chini anaangalia juu, na mbingu hata ikiwa na giza ina mwanga zaidi kidogo kuliko maji, kwa hiyo anachokiona ni kivuli kinachopita, na kivuli hakitaki kung'aa, kinataka kuwa cheusi. Na Badru alikuwa nacho kijiko cheusi, kimoja tu. Hakukipaka rangi. Marehemu mama yake alikuwa mkaanga samaki pale ufukweni, na kijiko kile Badru alikuwa anakitundika kwenye msumari juu ya karai la mama kila anaporudi, kikapigwa moshi wa kuni na mvuke wa mafuta miaka na miaka, kikawa cheusi kisichotoka hata ukikikwaruza kwa ukucha. Mama yake alifariki mwaka 2014, karai likauzwa, kijiko kikabaki.

Sasa nasoma ile aya iliyokatwa.

Mwezi Novemba 2019, usiku usio na mwezi, walitoka wote, Badru akafunga cheusi chake, Albano akafunga kijiko kipya kinachomulika, na mpaka wanarudi Badru alikuwa amejaza tenga na Albano hana kitu. Asubuhi mnadani Badru alimtania mbele za watu, alisema fundi ameenda kuwaonyesha samaki kioo wachane nywele, watu wakacheka, na utani wenyewe ulikuwa wa kawaida yao. Kaka yangu hakununa. Alirudi nyumbani, akakuta katika vitu vya boti vilivyoletwa kuoshwa kile kijiko cha Badru kimo, akakiangalia, na mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya tangu Mbamba Bay. Alichukua majivu, akachukua limau, akachukua na ule waya wa kusugulia sufuria, akakaa barazani nusu siku, mpaka kijiko kikang'aa unajiona uso. Aliniapia mbele ya Margareta kwamba hakufanya kwa hasira, alitaka kumpa mwenzake kitu kizuri, aliona uchafu akautoa, na mie namwamini, kwa sababu namjua, ndivyo alivyokuwa, alikuwa mtu wa kusugua.

Jioni Badru alipokuja akaonyeshwa. Alikigeuza, akakigeuza tena, akasema Albano, huu ulikuwa moshi wa mama yangu, sina mwingine. Akakiweka juu ya benchi, akatoka kwa geti hilo hilo. Kaka yangu badala ya kumfuata akabaki amesimama anasema chuma ni chuma, kingeoza, nimekiokoa, akayasema hayo wiki nzima kwa yeyote aliyepita, na alipokuja kuacha kuyasema ilikuwa imeshakuwa aibu kwenda. Boti wakaachiana kwa zamu kupitia mtu wa tatu. Nimewaona wazee wawili wanapita barabara moja ya kwenda pwani, kila mmoja anaangalia duka la upande wake. Margareta alikwenda kwa mke wa Badru, Yuliana alikwenda, mie nilikwenda mpaka nikachoka, na Badru na mke wake walitupokea vizuri, wakatupa chai, wakabadilisha mazungumzo.

Aya imeishia hapo. Baba mdogo, si ugomvi wa kututia aibu, ni kijiko.

Mwezi Juni 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na uso, akapimwa, ikaonekana figo zote mbili zimechoka, na kuanzia hapo akawa anakwenda kusafishwa damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wiki kwa wiki, Krismasi ikiangukia Jumatatu tunakwenda, mvua ikiziba barabara tunashuka tunatembea. Sitawaambia kwamba tulikuwa na moyo siku zote. Tulichoka. Fredrick alichoka, Margareta alichoka akawa anasinzia amekaa cherehani, mie kuna asubuhi niliiangalia kandambili yangu pale chini nikakosa nguvu ya kuivaa, na mgonjwa mwenyewe alichoka kuliko sie wote, alikuwa akirudi anakaa barazani na bati lake la biskuti magotini, hafungui, ameliwekea mikono tu.

Siku moja mwaka jana, alipokuwa anatoka kusafishwa, aliniuliza kwenye bajaji, Benedicta, hivi masizi yanashikaje kwenye chuma. Nikamwambia sijui, waulize mama ntilie. Kesho yake akatoa kile kijiko cha Badru, alikuwa amekitunza kwenye kitambaa, akakishika juu ya moshi wa koroboi. Kikawa cheusi, akakifuta kwa kidole, kikang'aa. Akarudia. Alirudia kwa miezi, mtu aliyetumia maisha yake yote kutoa weusi kwenye chuma akawa anauomba ukae, na unamkatalia. Ni Margareta aliyemwambia kwamba ule wa mama Badru haukuwa moshi mtupu, ulikuwa na mafuta ya samaki, na bila hayo atakaa na koroboi mpaka mwisho wa dunia.

Basi wifi yangu, mwenye jiko la gesi zuri alilonunuliwa na Yuliana, akachimbia mafiga hapo uani, akanunua kuni na karai, akaanza kukaanga vibua kila jioni chini ya kijiko kilichotundikwa kwenye waya. Majirani mnakumbuka, mkaja na sahani zenu mkidhani ameanza biashara, na wengine mlirudi mkanuna mlipoambiwa hauzi. Mgonjwa hakuruhusiwa kula chumvi wala kukaa kwenye moshi, alikula kidogo na kwenye moshi akakaa muda wote, daktari akamgombeza, akaitikia kama alivyokuwa akiitikia karakana. Sie tuliokuwa humu ndani tumekula vibua mpaka paka wa nyumba hii akawa anaviangalia anapita.

Mwezi wa kumi mwaka huu weusi ukakubali. Alikikwaruza kwa ukucha, haukutoka, akacheka, sikuwa nimemsikia akicheka toka mwaka wa kwanza wa ugonjwa. Tukamwambia basi twende kwa Badru, akasema ngoja nipate nguvu nitembee mwenyewe, siwezi kwenda kumwangukia mtu nimebebwa. Nguvu haikuja. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 10 Novemba 2024, alibanwa kifua, tukamkimbiza hospitali, na njiani alinitia kitu mkononi akaniambia maneno ambayo nitayasema kwa mwenyewe, na saa kumi na moja alfajiri Albano Ferdinand Haule alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne na wadogo zake sisi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka miwili na zaidi, hasa wale vijana wa kitengo cha figo waliomvumilia anapowaambia mashine yenu ina doa. Nawashukuru wenzake wa karakana ya Chang'ombe, mliochangia na mkaja wenyewe, na jeneza hili mmelitengeneza nyie, vishikio nimeviona vimesuguliwa, angefurahi. Nawashukuru Jumuiya ndogondogo, majirani wa Mtongani, wavuvi na wauza samaki wa Kunduchi, na mjumbe wetu, hatuna cha kuwalipa.

Karatasi yangu imefika mwisho, nitakayosema sasa sikuyaandika.

Msigeuke wote kwa pamoja, jamani, mtamfanya arudi. Yule aliyesimama kwa nje, karibu na simtanki la jirani, mwenye kanzu nyeupe, ndiye Badru, na nimemwona tangu nilipokuwa nasoma habari za vibua. Kaka Badru, shikamoo. Sina miguu ya kukufuata huko, nimesimama tangu asubuhi. Nakuomba uingie. Jeneza liko wazi linakungojea wewe peke yako, na mapadre wametuambia saa nane tuwe kanisani, lakini mie sitamruhusu mtu alifunge kabla hujaja, hata tukizika kwa taa.

Mpisheni hapo kwenye viti. Fredrick, mshike mkono baba yako Badru, amekanyaga kamba ya turubai.

Karibu ndani. Hiki hapa. Aliniambia nikwambie hivi, mwambie Badru nilisugua nisichokijua, na mwambie huu si moshi wa mama yake, huo siwezi kuurudisha, huu ni wa kwangu mie na Margareta, ila akikitumia usiku wa giza, kitafaa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anasema kweli. Ndivyo alivyosema, sijaongeza wala sijapunguza.

Kwa mlio nyuma msiosikia, amekinusa. Anakikwaruza kwa ukucha. Anasema kimeiva.

Amekitia mfuko wa kifuani, Badru, kanzu yako nyeupe hiyo, imeshashika mafuta na masizi ya juujuu, na mie vidole vyangu hivi vimeshika, na karatasi ya watu nimeichafua. Mwacheni, Yuliana, usimpe kitambaa, hataki kufutwa. Mwacheni asimame na rafiki yake kwanza, halafu wafunge.

Pumzika kwa amani, kaka Albano. Kimefika.